Wifi Chausiku na Siku Tano za Kulipa

Wifi yangu Chausiku ameshona mabegi ya watu kwa miaka tisa. Si mikoba ya harusini, ni yale mabegi makubwa ya mgongoni, yenye mikanda ya kiunoni na zipu kila pahali, ambayo kampuni moja ya kutembeza wageni porini humletea yakiwa yamechanika. Cherehani yake iko barazani kwetu, Dunda. Alikuwa akikung'uta mchanga na majani makavu mifukoni, akinusa moshi kwenye kitambaa, kisha ananiuliza, "Wifi, hawa watu huko wanaona nini?"

Mimi namjibu, "Mbung'o."

Marehemu mumewe alikuwa akimwahidi watakwenda mwakani. Hiyo mwakani ilimkuta kaburini, Mungu amrehemu. Chausiku akakaa eda, akatoka ana miaka arobaini na sita, na wiki ya pili tu akaenda kwa wenye mabegi akaandikisha jina. Walikuwa wanafundisha waongozaji wapya: siku tano porini kwa miguu, kutoka Fukayosi hadi bonde la mto Wami. Ukimaliza bila kasoro unapewa cheti na kazi. Ukiwa na kasoro, rudi kwenye cherehani yako. Sijapata kumwona anataka kitu kama alivyokitaka cheti kile.

Kaka yake mkubwa ni Abdulnasir, mume wangu, mtu anayedhani kila mwanamke wa nyumba hii ni mwanafunzi wake wa chuo cha Kurani. Na hapa niungame, maana mdomo ulikuwa wangu. Tulikuwa mwezi wa mlisho, Ramadhani iko mlangoni, na Chausiku alikuwa na siku tano za saumu ya mwaka jana hajazilipa. Sisi wanawake tunajua siku hizo zinatoka wapi, na tunajua tabia yetu pia: mwaka mzima tunaziahirisha, mlisho ukiingia ndipo tunakimbizana nazo. Nilimtajia mume wangu kwenye chai, katika mazungumzo tu. Yeye akalichukua neno akaenda nalo barazani, mbele ya majirani.

"Nenda, Chausiku," alisema. "Lakini mtu anayeacha saumu akakimbilia buti, dini yake ataizika hukohuko porini."

Chausiku hakuinua macho kwenye cherehani. "Nitatembea, kaka, na nitafunga zote tano."

"Utaweza?"

"Utaona."

Msafiri ameruhusiwa kula, hilo hata mtoto wa chuo analijua. Kaka alilijua, na dada alilijua. Lakini mtu akishaaibishwa mbele za watu, ruhusa haioni. Nami nilikaa kimya na kikombe changu mkononi, jambo ambalo mpaka leo linaniudhi.

Ya porini nimeyapata kwake mwenyewe. Aliyoyaruka nimeyapata kwa Lulu, binti wa Zinga aliyelala naye hema moja, ambaye mdomo wake hauna zipu.

Mwalimu wao alikuwa mzee mmoja mwanajeshi mstaafu, Majaliwa. Siku ya kwanza alimwaga mabegi yote chini. La Chausiku lilitoa kanga nne, chupa ya mafuta ya nazi, kioo, na tende kilo nzima. "Mama, umekuja kucheza ngoma?" akauliza. Akamwachia kanga moja na tende. Akawafundisha kupanga: vizito vikae karibu na mgongo, na uzito ubebwe na nyonga, si mabega. Alipotaka kumwonyesha Chausiku namna ya kukaza mkanda wa kiunoni, Chausiku alimwambia, "Huo nimeushona mimi, mwalimu. Naujua mpaka uzi wake."

Alijifunza kila kitu kwa hasira, kama mtu anayedai haki yake. Alijifunza kulinganisha dira na ramani, na kutopiga hema kwenye njia ya viboko hata kama nyasi zake ni laini. Alijifunza kuchuja maji ya dimbwi kwa pampu ya mkono, kazi ya saa nzima kwa lita chache, mpaka viganja vinatoka malengelenge. Ila kwenye kusoma nyayo ndiko alikowapita wote. Jicho lililozoea kutafuta mshono uliofumuka halipotezi alama mchangani. Lulu anasema ilifika mahali Majaliwa hamwulizi mwingine.

Sheria moja ilikuwa kubwa kuliko zote. Kila kituo, kila mtu anakunywa maji, na mwalimu anatazama chupa. Jua la kaskazi halina mzaha. Chausiku alikuwa akiweka chupa mdomoni, koo lake likipanda na kushuka pasipo tone kupita. Kisha anaomba kwenda chooni, anaingia kichakani, na kuimwaga nusu ili chupa ionekane imepungua. Magharibi anafungua kwa tende ndani ya hema. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Maji yale yalichujwa kwa viganja vya wenzake, naye aliyamwaga. Aliponisimulia hapo alinitazama usoni, akasema, "Najua, wifi. Usinisaidie."

Siku ya tatu dimbwi lililokuwa kwenye ramani walilikuta limekauka, tope lake limepasuka. Ikabidi warudi kwa njia waliyojia, washike njia nyingine ya mtoni, mwendo wa saa tatu. Maji yaliyobaki yakakusanywa, yakagawanywa upya: hayakutimia chupa moja kwa kila mtu. Chausiku alitembea huku miti ikimzunguka.

Kwenye kituo walichopumzika asubuhi, Majaliwa alisimama. Nyuma ya kichaka kimoja vipepeo weupe walikuwa wamejaa chini, wamerundikana mahali pamoja, wanafyonza udongo. Akawaita wanafunzi wote.

"Hapa pana unyevu, na mvua haijanyesha mwezi mzima," alisema. "Mama Chausiku, njoo utusomee."

Chausiku alichuchumaa. Alama zilikuwa wazi kama maandishi ya ubaoni. Buti la kulia, soli ya kawaida. La kushoto, kisigino kina kiraka cha tairi, alichotiliwa na fundi viatu pale sokoni kabla ya safari. Mtu amefika, amesimama, hakuchuchumaa, maji yamemwagwa kutoka juu, amegeuka, ameondoka. Angeweza kusema ni ngiri. Lulu anasema yeye mwenyewe angesema ni ngiri.

"Mtu mmoja," akasema Chausiku. "Mwanamke. Hakuja kujisaidia, alikuja kumwaga maji. Ni mimi."

Wanaume sita waliokuwa wanafundishwa pamoja nao wakatazamana. Mmoja alikuwa ametoka kupima maji yake kwa kifuniko.

"Kwa nini?" Majaliwa aliuliza.

"Nimefunga, mwalimu. Tangu juzi."

"Ungeniambia."

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo!" Hapo mzee alipandisha sauti. "Mwongozaji anayeficha hali ya mwili wake ataua wageni. Leo ukianguka hapa, nani anakubeba? Wenzako, kwa maji gani? Kesho asubuhi gari inaleta chakula kwenye barabara ya vumbi. Utarudi nayo. Cheti hupati."

Chausiku aliniambia kwamba wakati ule hakumwona Majaliwa hata kidogo. Alimwona kaka yake barazani, akisema "Utaweza?", na ghafla akajua alichokuwa akikifanya siku zote tatu. Alijiuliza nia aliyoitia usiku aliitia kwa ajili ya nani, na jibu lilimchoma kuliko kiu. Alikuwa amekuja mpaka huku, mbali na sauti ya Abdulnasir, halafu akaibeba mwenyewe ndani ya begi.

Akafungua chupa. Akasema Bismillahi kwa sauti, akanywa mbele yao wote, saa saba ya mchana, jua utosini. Alipomaliza akajifuta mdomo kwa kanga.

"Cheti kaa nacho, mwalimu, umesema haki," alisema. "Wenzangu, nimewakosea, nisameheni. Lakini gari lako sipandi. Nilikuja kutembea siku tano na nitatembea siku tano. Ukitaka nirudi, niburuze."

Majaliwa hakumburuza. Aligeuka akashika njia. Walipofika mtoni Chausiku alishika pampu kabla ya mtu mwingine, akawachujia wote, na siku mbili zilizobaki alitia dumu la lita kumi la maji ya kundi ndani ya begi lake, kizito karibu na mgongo. Kila kituo alikunywa. Hakuna aliyemsifu na hakuna aliyembebea. Siku ya tano alitoka msituni kwa miguu yake, bila cheti, kucha ya kidole gumba imeng'oka.

Alifika nyumbani siku ya vunjajungu. Nyumba ilikuwa imejaa, sahani za pilau zimepangwa mkekani, ndugu na majirani wanakula kuuaga mchana wa kula. Alimwamkia kaka yake shikamoo, akaketi na buti zake. Abdulnasir akaitikia marahaba, akangoja watu watulie. Namjua, alikuwa ameliandaa.

"Cheti kiko wapi?"

"Sina."

"Na saumu?"

"Nilikula mchana wa siku ya tatu."

Mtu mmoja akacheka. Abdulnasir akaegemea mto wake. "Basi umekosa huku na huku. Nilikwambia."

"Nimekosa kwa sababu nilikusikiliza," alisema Chausiku, na sauti yake haikupanda. "Nitazilipa upya zote tano, kaka. Zile mbili nilizozimaliza sizihesabu. Nilikufungia wewe, na wewe si Mungu. Mfungo mosi, tukishasherehekea Idi, kuna kundi jingine. Nimepita ofisini leo, nimeandika jina."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Sijui nilipata wapi ulimi. "Mimi ndiye niliyekwambia zile siku zake," nilisema, "na nimejuta. Mwache dada yako."

Aligeuka kunitazama, kisha akamtazama dada yake. Watu walikuwa wameacha kula. Chausiku alivuta sahani ya pilau, akamchagulia mnofu mzuri, akamsogezea mbele yake kwa mikono miwili, kwa adabu zote alizolelewa nazo.

"Kula, kaka, leo vunjajungu," akasema. "Na kesho ukifunga, angalia unamfungia nani."