Mzee Mwenye Mvi Anayeketi na Sisi Watoto

Ndugu wa ukurasa huu, jina langu lificheni vizuri, maana baba yangu husoma kila kilichoandikwa, hata gazeti lililofungiwa sukari. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minne, natoka upande wa Nyamira. Niliacha shule darasa la nne mama alipojifungua mapacha, na tangu hapo nimejisomesha kwa vitabu vya baba, ambaye ni mwalimu na mzee wa kanisa. Ameahidi kunirudisha shule Januari hii. Ahadi hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi.

Kwetu huja mtu mmoja wa kutoka kando ya ziwa, nitamwita Odongo. Ni fundi wa kinu cha kusaga mahindi pale sokoni, ana wajukuu na mvi kichwa kizima. Baba anampenda kweli. Redio ikianza kukohoa tu, Odongo anaitwa. Lakini watu wa kwao hawatahiri, na kwetu asiyetahiriwa ni omoisia, yaani mvulana, hata awe na mvi. Kwa hiyo wanaume wakiketi kwenye viti, Odongo huwekewa kigoda huku kwetu watoto, tukala naye sahani moja. Hufanya mzaha: "Watoto wenzangu, nani ameficha nyama?" Sisi hucheka. Sikuwahi kuona ubaya. Ilikuwa hivyo tu, kama paa lilivyo juu.

Desemba hii mdogo wangu wa miaka kumi akatoka tohara. Siku hiyohiyo alihamishiwa kiti cha wanaume. Miguu haikufika chini, lakini kichwa kilifika mbali. Katikati ya chakula akamnyooshea Odongo kikombe: "Wewe mvulana, niletee maji."

Wanaume walicheka mpaka meza ikatikisika. Baba aliwashinda wote. "Mnaona? Huyu sasa amekomaa!" Odongo naye akacheka, akainuka, akaleta maji. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye aliporudi kwenye kigoda. Siku nyingine angeuliza nani ameficha nyama. Siku ile alinisogezea nyama yake yote.

Sabato iliyofuata, baada ya ibada, majirani walikuja kusomewa kama kawaida. Baba ana riwaya moja ya Kizungu, anasema inasifiwa dunia nzima, naye huisoma akitufasiria. Siku hiyo alifika pahali ambapo mtoto wa Kizungu anamwita mzee mweusi "boi" na kumwagiza maji. Baba akafunga kitabu, akavua miwani.

"Mtu mwenye mvi! Na mtoto anamwita boi! Hata mimi nikichuma chai Kericho niliitwa hivyo, na nilikuwa tayari na watoto wawili. Ndiyo maana tulidai Uhuru!"

Machozi yalimtoka, na yalikuwa machozi ya kweli. Hilo ndilo linalonitatiza mpaka leo. Akina mama wakaguna. Mdogo wangu naye, juu ya kiti chake, akaguna kama mtu mzima.

Sikupanga kuuliza. Mdomo ulimuuliza baba wenyewe. "Tata, huyo mzee wa kitabuni alikuwa akila wapi?"

"Jikoni, na watoto."

"Kama Odongo?"

Odongo alikuwa palepale, kwenye kigoda. Baba akasema polepole, "Ule ni ubaguzi. Hii ni mila."

"Tata, yule mzungu akiulizwa, si naye atasema ni mila?"

Kilichofuata siandiki. Mnaijua mikono ya walimu.

Majirani waliyabeba maneno yangu mpaka kanisani, na sasa baba ameamua. Sabato ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, nisimame kanisani niseme nilidanganya, na kwamba Odongo nyumbani kwetu anaheshimiwa kama mwanamume yeyote. Nikikataa, mapacha ndio darasa langu la tano. Na Odongo mwenyewe amealikwa awe shahidi wa heshima anayopewa. Mama ananibembeleza: "Sema tu, mwanangu. Maneno yatapita. Shule ikipita hairudi."

Juzi nilipeleka mahindi kinuni. Odongo akazima mashine ili tusikizane.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu kwa lugha ya kwao, "wewe sema wanavyotaka. Mimi kigoda kile nimekizoea. Wewe usilizoee jiko."

"Na kanisani utakuja kweli?"

"Nimeitwa. Nitakuja."

"Utakaa wapi?"

Akajipangusa unga mikononi, akaendelea kujipangusa hata unga ulipokwisha. "Si baba yako ndiye atakayenionyesha?" Akawasha mashine.

Ndugu zangu, Sabato hiyo imekaribia. Nikisema nilidanganya, nitasoma mpaka nichoke, na yeye atakuwa ameketi hapo ananisikia. Nikisema ukweli, nitabaki jikoni, na yeye atabaki kwenye kigoda chake kando yangu. Msinijibu kwa methali, kwetu zimejaa. Niambieni tu: nikishasimama mbele ya watu wote wale, nifungue mdomo niseme nini?