Neno la Siri la Veronika

Veronika ndiye mtu wa kompyuta katika kituo kimoja cha afya cha binafsi pale Rahaleo. Kwao Songea, lakini Mtwara imemkolea. Ming'oko, vile viazi pori vya huko, anaimenya kama mzaliwa wa Nanyamba. Kazi anaijua. Tatizo lake ni moja: kusema hapana hajui.

Alipokwenda msibani Msimbati, alimwachia Happiness wa mapokezi neno lake la siri, lile linalofungua mafaili yote ya wagonjwa. Angemnyima angeitwa mwenye maringo, na pale kazini wanakula sahani moja. Aliporudi hakulibadilisha. Abadilishe kitasa kwa sababu ya ndugu?

Sasa kulikuwa na Asia, jirani yake. Asia alipimwa pale, daktari akamwambia hatazaa. Mchumba wake, Idrisa, alielezwa yote, akasema atamwoa hivyo hivyo, mradi kwao wasijue. Kabla maneno ya daktari hayajaandikwa kwenye faili, Asia alimfuata Veronika.

"Dada Vero, hiyo kompyuta yenu inatunza siri?"

"Kama kaburi, mdogo wangu."

Ikafika siku ya ngoma ya kina mama. Siku hiyo upande wa bwana harusi una ruhusa ya kumsuta bibi harusi kwa nyimbo, naye hana ruhusa ya kununa. Veronika alikuwa uwanjani, kanga kiunoni, anacheza kwelikweli, shangazi yake Idrisa alipoanzisha wimbo mpya:

"Mkorosho tumeulipia, mkorosho hauzai!"

Kina mama wakaitikia huku wakicheka. Veronika akaganda mguu mmoja mbele. Labda ni utani tu, alijiambia. Shangazi akarudia, safari hii akamtaja na daktari. Yarabi! Vicheko vikakatika. Mama yake Idrisa akainuka, akaokota mkoba wake, akatoka bila kuaga, na wenzake wakamfuata.

Veronika alikimbilia jikoni. Happiness alikuwa anapakua pilau.

"Nani alimwambia yule shangazi?"

"Mimi," Happiness alijibu, mwiko mkononi. "Mtoto wa kaka yake anaoa, asijue? Kwani kuna nini, dada? Neno si ulinipa mwenyewe?"

Hakuwa na hila yoyote usoni. Alishangaa kweli kuulizwa, na hilo ndilo lililomtisha Veronika. Akamwacha na mwiko wake, akaingia ndani.

Asia alikuwa chumba cha ndani, mikono ameinyoosha, hina bado mbichi.

"Asia, wallahi si mimi niliyesema," Veronika alianza. "Kuna mtu aliingia kwenye kompyuta…"

"Mimi kompyuta siijui, dada Vero," Asia alisema. "Nilikuuliza wewe."

Kisha akachukua kitambaa, akaanza kuifuta hina, kidole kimoja kimoja.