Siti Iliyoegemea Upande

Fundi Sponji hakuwahi kuiba hata kijiko, lakini tangu anunue ile pikipiki alikuwa akitembea kama mwizi. Akimwona askari mbele, anakata kona. Akisikia king'ora, hata kiwe cha gari la wagonjwa, mate yanamkauka kinywani. Barabara ya kupelekea wateja makochi yao ilikuwa imenyooka vizuri tu, lakini yeye siku hizi alizunguka nyuma ya machinjio na kando ya mtaro, mito ya kochi imefungwa nyuma yake, moyo mkononi.

Aliinunua kwa binamu wa kinyozi wake, kwa bei ya kutupa. Ufunguo haukuwepo. "Umepotea tu," binamu alisema, akachomoa nyaya mbili chini ya usukani, akazigusanisha, pikipiki ikanguruma. Na kadi ya umiliki? Kadi inakuja, iko kwa mtu. Fundi alijua kabisa kwamba kadi iliyo kwa mtu haiji. Alijua, na bado akalipa, maana tamaa ilikuwa imeshamshika pabaya.

Na hela yenyewe ilikuwa cherehani ya mkewe. Karakana yao ilikuwa na cherehani mbili: ya fundi, iliyochoka, na ya mkewe, nzito, ya kushonea ngozi, aliyoachiwa na shangazi yake. Hiyo nzito ndiyo iliyouzwa. Mke alikubali shingo upande, kwa ahadi kwamba usafiri utaleta wateja na cherehani nyingine itapatikana. Pikipiki ilipofika aliizunguka mara moja.

"Haina ufunguo. Haina kadi. Sasa ina nini, baba watoto?"

"Ina magurudumu."

"Hata toroli lina gurudumu."

Akarudi mezani kukata vitambaa.

Kila asubuhi aliiingiza karakanani na kuifunika shuka. Mteja akiuliza kuna nini pale, anaambiwa kochi. Simu ya binamu haikupatikana tena, na kinyozi alipobanwa alisema yule si binamu wa damu, ni binamu wa mtaani tu.

Siku Mzee Mayai alipoingia, shuka lilikuwa limeteleza. Mzee huyu aliwauzia mayai miaka nenda rudi. Zamani alikuwa na pikipiki ya bluu. Ikaibiwa mlangoni pa zahanati wakati yeye yuko ndani anachomwa sindano ya nyonga yake mbovu. Mtaa mzima ulimpa pole. Tangu hapo alisukuma baiskeli asiyoweza kuipanda, trei zimefungwa nyuma, mguu wa kushoto akiuburuta.

"Umenunua chombo, fundi."

"Ah, cha kusukumia siku tu, mzee."

"Nyekundu nzuri." Mzee aliweka mkono juu ya siti, akauacha pale kidogo, kisha akatoa mayai na kwenda zake.

Fundi alishusha pumzi. Hofu yake yote ilikuwa ya askari, hakumuwaza mtu mwingine.

Lakini siti nayo ilimsumbua. Akipanda anahisi anateleza kulia, na jioni mgongo unamuuma. Kava lake lilikuwa jipya, limepigwa pini ovyo ovyo, na yeye fundi mzima aliona haya kukalia kazi mbaya vile. Jumapili mchana, karakana imefungwa, mkewe akikata vitambaa kule mezani, aliing'oa siti akaanza kuchomoa pini moja moja.

Chini ya kava jipya kulikuwa na jingine la zamani, jeusi, limechanika pembeni. Kwenye mpasuko alichungulia sponji. Upande wa kushoto ulikuwa umeinuliwa kwa kipande cha kijani, kimechongwa mviringo ili nyonga mbovu ipumzike. Mkono wake ulikijua kipande kile kabla ya kichwa. Alikichonga mwenyewe, kwa kisu hiki hiki, mwenye nyonga akiwa amekaa pale kwenye benchi anasimulia vituko vya kuku wake.

Kwa ncha ya kisu alikwangua rangi nyekundu chini ya tangi. Bluu.

Wazo lake la kwanza halikuwa zuri, na hakuna haja ya kulificha: rudisha kava, piga pini, nyamaza. Nani mwingine atajua?

"Mbona umeganda?" Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake. Aliinama, akapitisha kidole juu ya mshono wa kava jeusi, mistari miwili iliyokaribiana, akaufuata hadi mwisho. "Huu ni wangu," alisema polepole. "Niliushona kwa cherehani yangu."

Alikaa sakafuni, kwenye vumbi la sponji. Macho yalimjaa machozi. Kisha akamsogezea mumewe sindano.

"Shona hapo palipochanika."

"Tukimpelekea atasema mimi ndiye niliyeiba. Ataita watu. Nitawekwa ndani, mama watoto."

"Labda. Shona."

"Na cherehani je?"

"Nimesema shona. Huwezi kumrudishia mgonjwa siti iliyochanika."

Waliisukuma kupitia barabara kubwa, kwa sababu mke alikataa vichochoro. Mzee Mayai alikuwa nje ya nyumba yake anaosha trei. Fundi alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakamkimbia.

"Mzee, mimi... niliinunua. Sikujua. Nimefungua siti leo."

Mzee aliweka trei chini. Alipeleka mkono shingoni, akavuta kamba kutoka ndani ya shati. Mwishoni mwa kamba ulining'inia ufunguo. Akauchomeka kwenye swichi, ukazunguka bila kusita.

"Niliijua siku ile nilipoishika siti," alisema. "Nikashindwa kukuuliza. Niliona nikikuuliza tu, nimeshakuita mwizi. Wewe, fundi! Usingizi wote umeniisha."

Fundi alilia pale pale, bila kujificha.

Walirudi kwa miguu. Karibu na soko gari la polisi lilikuja taratibu mbele yao, na miguu ya fundi, kwa mazoea, ikakata kuingia kichochoroni. Mkewe akamdaka mkono wa shati.

"Unamkimbia nani tena?" alisema. "Hatuna kitu."

Wakasimama kando ya barabara mpaka gari likapita, na mke bado hajaliachia shati.