Stika Moja, Magari Matatu

Nilimgonga saa tatu asubuhi, kwenye barabara ya Kirongwe, na nilimgonga kwa sababu nilikuwa natazama juu. Kulikuwa na mtu kileleni mwa mnazi ulioinamia barabara, kitanzi cha kamba miguuni na panga kiunoni, nami nilitaka kuona anavyogeuka kule juu bila kuanguka. Ndivyo nilivyo tangu utotoni. Shule niliiacha darasa la tano kwa kuwa treni ilipita karibu na dirisha letu nikataka kujua inaishia wapi. Tangu hapo nimezunguka: Tanga kwenye mkonge, Mtwara kwenye korosho, mwisho Mafia, miaka ile ya hifadhi ya bahari, mahoteli yanajengwa Utende na kila mwenye mradi anatafuta mtu wa kubeba saruji. Nilishuka na begi moja. Mwaka wa pili nilikuwa na pikapu yangu mwenyewe, ya bluu, kuukuu.

Baiskeli sikuiona mpaka niliposikia chuma.

Mwenye baiskeli alikuwa mtu wa rika langu. Naye alikuwa mkwezi, alikuwa anawahi kazi kwenye shamba la mbele. Mguu wake wa kulia ulivunjika chini ya goti, mfupa ukatokeza nje, mchanga umejaa kwenye kidonda. Hakupiga kelele. Alilala kwenye kivuli cha ule mnazi, akaniuliza, "Baiskeli imepona?"

Yule wa juu alishuka haraka hata sikuona alishukaje. "Mpakie!" akasema. "Mpakie twende, unangoja nini?"

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nimelibeba mpaka leo, na ili lieleweke lazima niseme habari ya stika.

Tulikuwa madereva watatu tulioelewana, kila mmoja na gari lake. Tulikata bima moja tu, ile ndogo, ya kumfidia mtu utakayemgonga. Tuliikata kwa jina la gari moja, lile jeupe la rafiki yangu, na stika tukaifanya ya kuazimana. Kisiwa ni kidogo. Askari wa barabarani akitoka tu, habari zinamtangulia, na stika inatangulia pamoja na habari. Tuliibandika kwenye kioo kwa uji wa muhogo, ikakauka vizuri na kubanduka vizuri. Tulijiona wajanja. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza stika ile ingemfaa nini mtu aliyelala chini. Tuliihesabu kuwa ni kitu cha kumwonyesha askari, basi, kama tiketi.

Siku hiyo stika ilikuwa Utende, kwenye lile gari jeupe.

Hospitali ilikuwa Kilindoni, na kabla ya hospitali ilibidi nipite polisi kuchukua fomu ya PF3 ili majeruhi apokelewe. Kupita polisi maana yake askari atatoka nje atazame kioo changu. Nikamwambia yule mkwezi aliyeshuka, "Gari limezimika. Haliwaki." Niliingia, nikageuza ufunguo nusu, nikatoka nikatikisa kichwa. Aliniamini. Akakimbia kwenda kumwita dada wa majeruhi, aliyekuwa kwenye shamba lake la muhogo, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka pale.

Nami nikapanda kichuguu kutafuta mtandao, nikampigia rafiki yangu.

"Usimguse mtu," akasema. "Usiondoe gari. Nakuja nayo."

Tukasubiri. Nilimfunga mguu kwa shati langu. Nilimpa maji. Nilimuuliza maswali, kwa maana sijui kukaa kimya: mnazi mmoja unakwewa mara ngapi kwa mwaka, kitanzi kinasukwa kwa kamba gani, aliwahi kuanguka? Alinijibu yote. Kuanguka, hapana, hata mara moja. Alikwea minazi ya watu kuanzia Kirongwe mpaka karibu na Ras Mkumbi, na alikuwa na watoto wawili shuleni. Katikati ya majibu alikuwa akikunja uso na kusema, "Dereva, jaribu tena gari." Nikawa nakwenda, nageuza ufunguo nusu, narudi. Mara tatu nilifanya hivyo. Mara ya tatu midomo yake ilikuwa imekuwa na rangi ya majivu, na shati langu lilikuwa limelowa lote.

Rafiki yangu alifika inakaribia saa tano. Wakati huohuo dada mtu akatokea mbio kwenye njia ya shamba, jembe bado mkononi, yule mkwezi amemwacha nyuma. Alimkuta ndugu yake chini, na rafiki yangu ameinamia kioo cha gari langu, analamba karatasi.

"Huyo anafanya nini?" akauliza.

Tukampakia majeruhi. Nikageuza ufunguo, na gari likawaka mara moja.

"Kumbe zima," dada akasema. Alisema polepole tu, kama mtu anayeweka kitu kabatini.

Kituoni askari alitoka, akasoma stika, akatazama gari, akaisoma tena. "Bwana dereva," akasema, "hapa pameandikwa gari jeupe, na namba nyingine kabisa. Umelipaka rangi njiani?" Vijana waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Ule ujanja wetu wote ulidumu muda wa mtu kusoma mistari miwili. Alinipa fomu, akaniambia nikishamshusha mgonjwa nirudi mwenyewe, nisifuatwe.

Hospitalini daktari aliuliza, "Imetokea saa ngapi?"

"Saa tano," nikasema.

Akaandika. Alikuwa anakata suruali kwa mkasi tuliposikia ndege ndogo ya Dar es Salaam ikipita juu ya bati. Akainua kichwa. "Mngewahi hata nusu saa," akasema, "ningewaombea nafasi kwenye hiyo. Mguu huu si wa kutibiwa hapa."

Dada akanitazama mimi, si daktari.

Ndege ya kesho yake ilikuwa imekodiwa na wageni. Boti ya kuvuka ilibidi ingoje maji yajae, na safari yenyewe ni ndefu, na ng'ambo kuna gari la kutafuta. Mimi sikuyaona hayo, nilikuwa mahabusu. Nilikuwa nahesabu tu kwa kusikiliza: usiku mmoja, usiku wa pili. Nilimwomba Mungu ambaye sikuwa na mazoea naye. Kila mlango ulipofunguliwa nilitaka kuuliza habari ya mguu. Siku ya tano askari yuleyule aliyenitania rangi ya gari alikuja akasimama, safari hii bila utani. "Wamekata," akasema. "Juu ya goti."

Nilimuuliza kama ana hakika ni juu ya goti. Sijui kwa nini nilidhani chini ya goti kungekuwa na nafuu. Mkwezi hapandi kwa nusu.

Yaliyofuata niliyajua baadaye. Dada yake aliinakili ile namba ya stika kwenye karatasi, akaenda nayo mpaka kwa mawakala wa bima Dar es Salaam, huku ndugu yake yuko wodini. Walimpokea vizuri, wakampa kiti, wakatafuta namba, wakamwambia ni bima halali kabisa, ila ya gari lisilomgonga mtu. Akarudi na karatasi yake. Pikapu yangu ilikuwa imezuiwa kituoni kama kielelezo cha kesi, hata kuiuza nisingeweza, na nilipokuja kuruhusiwa ilikuwa imebaki bodi. Marafiki zangu wawili walikata bima zao, kila mtu na stika yake, wiki ileile.

Mahakamani nilikiri kosa. Hakimu aliniuliza habari ya bima, habari ya leseni, habari ya mwendo. Saa hakuniuliza. Faini sikuwa nayo, nikapelekwa bara kutumikia kifungo cha miezi sita. Niliwasikia wafungwa wenzangu wakisimulia makosa yao mpaka mwisho, mengine makubwa kuliko langu, mimi nikawa naishia pale nilipotazama juu. "Ajali tu," walikuwa wakinifariji. Nilikuwa siwezi kula baada ya kuambiwa hivyo.

Nilipotoka ningeweza kwenda popote. Ndiyo kazi niliyoijua vizuri kuliko zote. Nilipanda boti nikarudi Mafia, nikatembea kwenda Kirongwe.

Dada alikuwa uani anafua nazi, anaziambua makumbi kwenye ncha ya kifuo. Aliniona toka mbali, hakuacha kazi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kutazama nini tena? Juu hakuna mtu."

Ndugu yake alikuwa kibarazani, ameketi kwenye mkeka, anasuka makuti ya kuezekea. Gongo lilikuwa limelazwa pembeni. Alikuwa amenenepa kidogo, wembamba ule wa wakwezi umemtoka. Alinikaribisha. Nilikaa chini kwenye mchanga, nikakuta maneno niliyoyapanga njiani yote yamepotea, nikasema tu yaliyobaki.

"Gari halikuwa bovu. Nilikuweka pale nikingoja stika. Na daktari nilimdanganya saa."

Kule uani mlio wa nazi ulikoma.

"Najua," akasema. "Niliangukia kivulini. Mliponiinua kivuli kilikuwa kimeniacha zamani, nimelala juani. Mimi kazi yangu minazi, dereva. Muda wa saa mbili naujua."

"Mbona hukusema mahakamani?"

Alisuka jani moja, akalikaza, akaanza la pili. "Nilikuwa najiambia labda nimekosea. Labda gari lilikataa kweli. Usiku nikishindwa kulala najiambia, gari lilikuwa bovu, lile, kuukuu lile, hata wewe ulikuwa unahangaika nalo. Nikawa napata usingizi."

Nilimsogezea majani yaliyobaki.

Dada yake alikuja akasimama kati yetu, mikono ina makumbi. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, na siku hiyo pia hakupaza.

"Hicho ndicho ulichomletea?" akasema. "Kutoka jela mpaka hapa, umemletea hicho?"

"Dada, nilidhani ni haki yake kujua."

"Alikuwa anajua. Alikuwa na mahali padogo pa kulaza kichwa, nawe umekuja kupachukua." Akanionyesha njia. "Ondoka. Watoto wanakaribia kutoka shule."

Nilimtazama ndugu yake anizuie au anifukuze yeye mwenyewe. Alikuwa ameinamia makuti, anahesabu kitu kwa midomo bila sauti, labda majani, labda saa. Nikasimama, nikaondoka.