Glasi ya Kwanza Nilimpa Mzungu

Mpaka leo nakisikia kile kizibo kilivyotoka, po. Mimi ni mhudumu wa hoteli moja hapa Arusha, na siku hiyo tulimpokea mwenye shamba la zabibu kutoka Dodoma, aliyekuja kutuonjesha mvinyo wake. Mkobani nilificha chupa ya mvinyo wangu wa rozela, ninaoutengeneza chumbani kwangu Kaloleni. Niliota auonje, kisha anichukue nikajifunze kazi.

Wakaingia mzungu mmoja na mama wa kitenge aliyebeba katoni.

"Shikamoo mama. Mizigo inapitia mlango wa jikoni."

"Marahaba," akasema, akaenda huko.

Kwa desturi, wa kwanza kuonja ni mwenye mvinyo. Nikazibua chupa moja ya katoni ile, nikammiminia mzungu, meno yote nje. "Karibu mvinyo wako, bosi."

Hakuigusa glasi. "Mimi nimeajiriwa tu, dada. Bosi umempitisha jikoni."

Mama alikuwa ameshafika nyuma yangu. "Nimezoea, mwanangu," akasema taratibu. "Ila wewe nilidhani utanijua."

Chupa yangu sikuitoa. Jioni, peke yangu kwenye sinki, niliikwangua lebo kwa kucha. Nilikuwa nimeiandika jina la kizungu la kubuni, ili watu waamini ni mvinyo kweli.