Mzabibu wa Getini

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, tulikuwa tumefika Johannesburg miezi michache tu nyuma, tukakaa Bellevue katika chumba kimoja cha nyumba kuukuu. Njia ya kutokea ilikuwa moja, nayo ilipita chini ya mzabibu uliotambaa juu ya geti. Nani aliupanda hatukujua. Zabibu zake zilikuwa ndogo na chachu, nasi watoto tulizila hivyo hivyo.

Mdogo wangu Neema alizaliwa mwanzoni mwa 2016, wakati wa joto, mti ukiwa umejaa majani. Kitovu kilipokatika, Mama alikifunga kwenye kitambaa. Alitaka kukipeleka kwetu Uvira, Kongo, kikazikwe migombani kama chake na changu. Koko, nyanya yangu aliyemzaa Mama, hakutaka kusikia. Kwetu mti unaofukiwa kitovu ni wa mtoto: ukistawi naye anastawi, na pale ulipo ndipo kwao. Uvira kulikuwa na vita, na karatasi za kusafiria hatukuwa nazo. Siku moja Mama alipokwenda sokoni, Koko alikifukia chini ya mzabibu. Mama aliporudi alilia kwa hasira. Alisema mtoto sasa amefungwa huku, na sisi tumefungwa naye.

Baridi ya huku hatukuijua. Mgomba ni kijani mwaka mzima. Mti ukimwaga majani yote umekufa, basi. Juni mzabibu ulianza kupukutika, Julai zikabaki fito kavu. Na Neema akaanza kukohoa.

Koko akatoa amri: mtoto asipitishwe chini ya mti unaokufa, utaondoka naye. Dirisha lilikuwa na nondo, ukuta una nyaya, geti ni lile lile. Tukakaa ndani. Naukumbuka moshi wa mafuta ya taa, kifua cha mtoto kikipiga filimbi, na Mama akienda mlangoni na kurudi. Watu wa leo watauliza kwa nini hakumbeba tu akatoka. Mimi siulizi. Aliamini kama sisi sote, na mama yake mzazi alikuwa amekaa kizingitini.

Aliyetufungulia ni Papa Anselme wa chumba cha nyuma, Mkongo mwenzetu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi Ufaransa, katika shamba la kale la mizabibu, kabla ya kurudishwa Kongo. Jumamosi moja alitoka na mkasi akaanza kukata fito. Koko alimshika mkono.

"Unaua mutoto wangu," alimwambia.

Papa Anselme alisikiliza habari yote ya kitovu bila kucheka. Kisha akakwangua ganda kwa ukucha, na chini yake palikuwa kijani.

"Koko, huyu muti haikufa. Iko nalala."

Akachota udongo wetu mkononi, mwekundu, umejaa kokoto na vipande vya matofali. Alisema lile shamba lilikuwa na umri mkubwa kuliko ukoo wowote anaoujua, na udongo wake ulikuwa hafifu vile vile, changarawe tupu. Ndiyo maana mizizi ilishuka chini sana kutafuta maji, na yale mawe yalitunza joto la mchana yakazipa zabibu usiku. Baridi ndiyo iliyoupumzisha mti. Wenye shamba waliogopa zaidi mwaka ambao baridi haikuja.

Koko alikwangua mwenyewe, fito moja, nyingine, nyingine tena. Halafu akasogea pembeni.

"Pitisha mutoto," akamwambia Mama.

Mama alipita mbio bila viatu. Kliniki walimwambia mapafu yalikuwa yamejaa, na kwamba angechelewa kidogo tu mtoto asingepona.

Neema alipona. Septemba machipukizi yakatokea kwenye fito zilizokatwa, na Koko akapiga vigelegele uani. Mama alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akayatazama, akalia kwa uchungu. Nilishangaa sana.

Sasa naelewa. Alikuwa ameomba mambo mawili ambayo imani yetu haikuyaruhusu kwa pamoja: mtoto apone, na mti ufe. Mti ungekufa, Neema asingekuwa wa huku, na pengine siku moja tungerudi. Ulipochipua, alijua.

Hatukurudi. Koko tulimzika huku huku. Neema anaelewa Kiswahili lakini anajibu kwa Kizulu, na akiulizwa kwao ni wapi, anasema Bellevue. Mama anasikia, na hamsahihishi.