Gunia Juu ya Boya

Kabla ile mashine haijaja, kazi yangu ilikuwa kusugua wavu. Tulikuwa wanawake watatu katika shamba la samaki wa trauti, juu kidogo ya Chaka, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kiangazi kikishika, mto ulipungua hata kuku angevuka, kwa hiyo maji yaliyotoka kwenye matangi ya vifaranga wa samaki hatukuyamwaga. Yalipita katika pipa kubwa la wavu wa waya, yakaacha humo mavi na mabaki ya chakula, kisha pampu ikayarudisha juu kwa samaki. Wavu ukiziba, tunausugua kwa brashi. Kabla hujanyoosha mgongo, umeziba tena. Niliuchukia wavu ule kama mtu anavyomchukia mke mwenza.

Ndipo meneja akaleta pipa la kujiosha lenyewe, pamoja na fundi wa kuliangalia. Fundi alikuwa mtu wa ziwani, mpole, mwenye watoto wanne huko kwao. Wenzangu wawili walihamishiwa kwenye mabwawa makubwa. Mimi nikabaki kulisha vifaranga, na siku ya kwanza fundi aliniita nitazame.

"Ona, dada. Wavu ikiziba, maji inapanda. Maji ikipanda, hii boya inapanda pia, inavuta swichi. Pipa inazunguka, maji ya nguvu inapiga uchafu yote. Wewe kaa tu."

Mimi si mtu wa kukaa tu. Lakini nililipenda lile pipa, sitaficha. Lilipoanza kuzunguka na kujirushia maji nilicheka peke yangu kama mwehu, na nilimpenda fundi pia kwa vile alivyonieleza bila kunidharau.

Nimezaliwa Endarasha, na kwetu adui ni sakitu, ule umande unaoganda usiku kwa baridi. Jioni ya Januari, mbingu ikiwa safi bila wingu hata moja, hakuna anayeulizwa. Kila mtu anachukua magunia na nyasi kwenda kufunika viazi. Usipofunika, asubuhi unakuta shamba jeusi kama limemwagiwa maji moto. Basi jioni moja ya namna hiyo, nikifunga kazi, nililitazama lile boya na mkono wake mwembamba wa shaba, nikalionea huruma. Nikawaza kwamba barafu italishika lisiweze kupanda. Nilichukua magunia mawili, nikalifunika vizuri, nikabana pembeni kwa mawe. Fundi alikuwa ameenda kula. Ningeweza kumngoja nimuulize. Nikajiambia, mtu wa ziwani anajua nini kuhusu sakitu? Nikaenda nyumbani nikijisifu.

Asubuhi nilifika wa kwanza. Magunia yalikuwa yamenyonya maji yaliyorushwa na pipa, yakawa mazito, kisha baridi ikayagandisha yakawa magumu kama ubao. Yalikuwa yamelilalia boya. Wavu ulikuwa umeziba kabisa, maji yanafurika ukingoni na kwenda zake mtaroni, na pampu ilikuwa ikipiga kelele haina cha kuvuta. Katika matangi, vifaranga walikuwa wamegeuza matumbo juu, weupe watupu.

Nitasema nilichofanya kwanza. Sikuzima pampu. Sikuita mtu. Niliyang'oa magunia na mawe yake nikakimbia kuyatupa nyuma ya choo. Niliporudi ndipo nikapiga yowe.

Fundi alikuja na fulana tu. Alizima pampu, akaliinua boya kwa kidole. Pipa likazunguka, likajiosha likang'aa. Hapo ndipo alipochanganyikiwa, maana hakukuwa na kosa la kuonekana. Aliinua boya, akaliacha, akaliinua tena.

Meneja alifika na koti lake refu. "Ati inajiosha yenyewe? Sasa hii ni nini?"

"Labda nilikaza hii nati sana, bwana," fundi akasema.

"Labda?" Meneja akanigeukia. Tulikuwa wa kabila moja na kanisa moja, akaniuliza kwa lugha yetu niliona nini nilipofika. Nikajibu kwa Kiswahili ili fundi asikie kwamba simsengenyi. Hata leo nashangaa jinsi mtu anavyoweza kutafuta heshima katikati ya uongo.

"Sikuona kitu," nikasema.

Meneja hakuniuliza mara ya pili. Nadhani nilikuwa nimempa jibu alilolitaka.

Fundi aliambiwa aondoke siku ileile. Kabla hajaenda alinikuta nikiwatoa vifaranga kwa kichungi, nalia. Alidhani nawalilia samaki, akanipa pole. Kisha akauliza, "Dada, ukifika, boya ilikuwa imekwama?"

Hakuwa akinishuku. Alitaka kujua kosa lake, asilirudie kazi nyingine akiipata. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa, nami nilikuwa na mtoto mmoja nyumbani, yeye wanne.

"Ilikwama yenyewe," nikasema.

Akashukuru. Akachukua spana, akapiga magoti kando ya lile pipa ambalo halikuwa kazi yake tena, akanionyesha ile nati inapaswa kukazwa mpaka wapi, ili lisije likaniletea taabu.

Wiki iliyofuata pipa likawa langu. Nililiangalia miaka kumi na moja, nikawafundisha watu wengi. Kila mgeni nilimwambia asifunike boya hata kukiwa na sakitu ya kuua ng'ombe, na kila mgeni aliniuliza nimejuaje.

"Kulikuwa na fundi hapa zamani," nilikuwa nikiwajibu, "mtu wa ziwani. Yeye ndiye alifunika."